Acheni Kusingizia Bahati

Nikiposti chochote kuhusu Shattered Pixel Dungeon, komenti ya kwanza huwa ile ile: "Bro, hiyo gemu ni bahati tu." Ya pili hufika kabla sijaweka simu chini: "Hizo picha ni za kabambe ya shosho." Ya tatu ni ya mkongwe, yule ameicheza miaka na mikaka, anawajibu wote wawili kwa maneno mawili, "jifunzeni kucheza," halafu anaenda zake. Kufikia jioni komenti zimejaa na hakuna hata moja inaweza kumsaidia mtu kushuka ghorofa moja zaidi.

Leo nawajibu. Hao wa picha nitawapitia haraka, na mkongwe pia ana zake zinamngoja. Lakini hii ya bahati ndiyo inaniwasha, juu ukiisikiliza vizuri unagundua haiishii kwa gemu.

Kwa wale hawaijui, hadithi ni fupi. Mwaka 2012 jamaa anayejiita Watabou alitoa gemu ya Android inaitwa Pixel Dungeon. Baadaye akaiacha kodi yake wazi, yeyote anayetaka aichukue aendelee nayo. Evan Debenham wa Canada akaichukua, na mwaka 2014 akatoa toleo lake, Shattered Pixel Dungeon. Zaidi ya miaka 10 baadaye alikuwa bado anaiongezea vitu. Kwa Android ni bure. Haina matangazo. Ukishaipakua haitaki bando. Unaweza kumchangia jamaa ukipenda, na usipopenda hakuna kitu muhimu utafungiwa. Wenye iPhone na Steam wanainunua, pole zao.

Ndani unachagua shujaa mmoja kati ya sita: Warrior, Mage, Rogue, Huntress, Duelist au Cleric. Unashuka shimo, ghorofa baada ya ghorofa, unaanzia kwa mifereji ya majitaka. Kila baada ya ghorofa 5 kuna bosi anakungoja: Goo, Tengu, DM-300, Dwarf King, na kule chini ghorofa ya 25 kuna Yog-Dzewa. Kila ukianza upya ramani ni mpya. Rangi za chupa zinachanganywa pia. Jana chupa nyekundu ilikuponya, leo hiyo hiyo nyekundu inakuchoma ukiwa umesimama kwa nyasi. Na ukifa, umekufa, isipokuwa uwe umeokota Ankh. Unarudi ghorofa ya kwanza na mikono mitupu.

Mtindo huu si wa jana. Ulianza na gemu ya kompyuta inaitwa Rogue, karibu mwaka 1980, iliyotengenezwa na wanafunzi wa chuo huko California, Michael Toy na Glenn Wichman. Hiyo haikuwa na picha kabisa. Wewe ulikuwa alama ya @ na adui alikuwa herufi. Kwa hivyo ukiniambia Shattered ina picha za zamani, mwenzako aliyecheza Rogue angekuambia hizi ni sinema.

Haya, bahati.

Sikatai kwamba kuna kete zinarushwa humo ndani. Pigo linaweza kukosa. Ramani moja inaweza kukupa upanga mzuri ghorofa ya pili na nyingine ikupe silaha ya kurusha tu. Hiyo ni kweli na hakuna haja ya kubishana. Ubishi wangu ni kwa lile neno "tu". Bahati tu. Hilo "tu" ni uongo, na naweza kukuonyesha ni uongo bila kutoka nje ya gemu.

Anza na skroli za kuboresha vitu, zile za upgrade. Msee atakuambia, "Mimi sikupata upgrade, ndio maana nilikufa." Manze, hiyo gemu imeandikwa ikupe skroli 3 za upgrade kwa kila ghorofa 5. Mpaka unafika kwa Yog zimetoka 15. Chupa za kuongeza nguvu ni 2 kwa kila ghorofa 5. Si kwamba ukiomba sana zitakuja. Zimewekwa. Kama hukuzipata, kuna chumba hukufungua, au uliteremka ngazi mbio kama mtu anakimbiza mathree ya mwisho. Chakula nacho hakiachwi kwa kete: kadiri unavyoshuka, gemu inahesabu na kukuwekea. Unaanza kusikia njaa baada ya zamu 300 na inaanza kukula damu ikifika 450. Mtu anayekufa njaa ghorofa ya 7 si kwamba amenyimwa chakula. Amezunguka vyumba tupu akingoja damu ijae yenyewe, na kila dakika ya kungoja ililiwa na tumbo.

Kuna hii nyingine, na hapa ndipo naombaga watu wakae chini. Ukiingia ghorofa ukakuta chumba kimezibwa na mbao, gemu imeweka chupa ya moto mahali fulani kwenye ghorofa hiyo hiyo. Ukikuta bwawa la piranha na sanduku liko upande wa pili, kuna chupa ya kukufanya usionekane imewekwa ghorofa hiyo. Chumba kimejaa mitego mpaka mlangoni? Kuna chupa ya kuelea. Sasa fikiria: umeona mbao, na dakika mbili baadaye umeokota chupa ya rangi hujawahi kuiona. Tayari una wazo zuri ni nini, na hujaionja. Lakini wewe umefanya nini? Umeinywa. Umesimama kwa nyasi kavu, panya wawili nyuma yako, umeinywa. Halafu umekuja kwa komenti zangu kusema ni bahati.

Hiyo si bahati, buda. Hukusoma.

Na kusoma ndio shida yenyewe. Gemu hii ina maandishi mengi, na kila kitu ukikigusa kwa kidole kirefu kinajieleza. Silaha inakuambia inataka nguvu ngapi. Ukiwa na nguvu 10 na uvae vazi la plate linalotaka 18, limeandikwa hapo kwamba litakufanya uwe mzito na ushindwe kukwepa. Adui naye anajieleza. Kaa wa majitaka anatembea mara mbili ya kasi yako, kwa hivyo ukimkimbia amekugeuza mgongo bure. Unamngoja kando ya mlango, asikuone, na akitokeza pigo lako la kwanza haliwezi kumkosa. Hiyo ya mlango peke yake inaweza kukuvusha mifereji yote. Ni mlango tu! Iko milango kila mahali! Watu wanapigana katikati ya chumba kikubwa, wamezungukwa na gnoll watatu, wakati mlango uko hatua mbili.

Goo ndiye anayemaliza wengi, na Goo ndiye bosi mkweli kuliko wote. Kabla ya lile pigo lake kubwa anajijaza, unamwona anajijaza, na gemu inakuandikia kwamba anajijaza. Anakupa nafasi ya kutoka karibu naye. Akiwa majini anajiponya, kwa hivyo unampigania pakavu. Ni mambo mawili hayo. Sasa nitumiwe klipu ya msee amesimama palepale mbele ya Goo aliyejijaza, anapiga, anapiga, anakufa, na maneno chini ya klipu ni "hii gemu inaniangalia vibaya." Haikuangalii vibaya. Ilikuambia utoke.

Mtu ataniuliza, sawa, lakini ramani mbovu je? Kuna kitu kinaitwa mbegu. Ni msimbo wa herufi tisa, na ukiuingiza, shimo linajengwa vilevile: ghorofa zile zile, vitu vile vile, chupa zikiwa na rangi zile zile. Kwa grupu yetu jamaa watatu, wote walishawahi kumaliza gemu angalau mara moja, walikubali kucheza mbegu moja na shujaa mmoja, Warrior. Nilikuwa refa. Vazi la mail lilikuwa ghorofa ya pili kwa wote. Wa kwanza alilivaa hapohapo na nguvu zake 10, linataka 14, akaanza kupigwa na kila kitu, akafa ghorofa ya 4. Wa pili alilibeba mpaka nguvu zikakaribia, lakini skroli zake za upgrade alizigawa kama mtu anagawa peremende: moja kwa upanga, moja kwa pete, moja kwa fimbo. Akafika kwa DM-300 na vitu vingi vyenye nguvu kidogo kidogo, akakanyagwa. Wa tatu alizirundika zote kwa lile vazi. Alimaliza.

Shimo lilikuwa moja. Nani alikuwa na bahati hapo?

Na kama hujashika bado, kuna zile changamoto tisa. Unaweza kuziwasha ukishashinda. Moja inapunguza chakula. Nyingine inaondoa nusu ya skroli za upgrade. Kuna moja inafanya chupa ya kuponya iwe sumu kwako, fikiria hiyo. Nyingine inawafanya mabosi wawe wakali zaidi. Kuna watu duniani wanaziwasha zote tisa kwa pamoja na wanashinda. Kama ushindi ungekuwa wa kete, hao watu hawangekuwepo. Ukiondoa chakula, dawa na nusu ya upgrade, kilichobaki ni kichwa cha mchezaji.

Sasa niwaambie kwa nini hii inaniwasha.

Kwa ploti tunapoishi kuna chali wa miaka 20 hivi, mpoa, mcheshi, anajua mpira. Aliijaribu Shattered wiki moja, akaifuta. "Hiyo ni ya bahati," akaniambia. Kisha akafungua ile gemu ya kindege, unajua ile, kindege kinapaa na namba inapanda na unatakiwa utoe doh yako kabla hakijapotea. Akaanza kunieleza mfumo wake. Kwamba ukicheki raundi kumi zilizopita unaweza kujua inayokuja. Kwamba kikipotea mapema mara tatu mfululizo, ya nne kinapaa. Kwamba amejiunga na grupu ya Telegram inauza ishara, shilingi mia tano kwa wiki, na wao "wanaona ndani ya sava." Alinieleza kwa dakika ishirini, macho yamewaka, kama mwalimu wa hisabati. Mwezi huo pesa ya rent iliisha kwa hicho kindege.

Umeona kilichofanyika? Kwa gemu ambayo ina mpangilio, ambayo imeandika kila kitu, ambayo inakuambia bosi anajijaza kabla hajakupiga, yeye anasema ni bahati. Kwa kitu ambacho kimejengwa ili raundi inayokuja isijue chochote kuhusu iliyopita, yeye anasema ana ujuzi. Amegeuza. Na si yeye peke yake. Nusu ya komenti zangu zimegeuza hivyo.

Sisi tumekua tukitazama hayo matangazo. Redio, mabango, jezi, katikati ya mechi, mpaka Aprili 2025 bodi ya serikali iliyokuwa inasimamia kamari ikasimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Mtu ambaye amefundishwa tangu akiwa na miaka 14 kwamba kushinda ni kungoja namba nzuri, unampa gemu inayomtaka afikirie, atafanya nini? Atacheza vile amefundishwa. Atakunywa chupa ngeni na kuomba Mungu. Atakufa. Ataanza tena haraka haraka, hataangalia alikufa na nini, na atafanya kitu kile kile, juu kwa kindege ndivyo inavyokuwa: hakuna cha kuangalia, bonyeza tena. Yaani msee anacheza Shattered kama anabeti, halafu anashangaa inampa matokeo ya kubeti.

Ile kampuni ya kindege haitaki ujue kwa nini umepoteza. Ikikuonyesha utaondoka. Shattered, ukifa, inafanya kinyume kabisa. Inakufungulia majina ya vyote ulivyokuwa navyo. Zile chupa tatu ulizokuwa unaogopa, unaingia kwa begi ukiwa maiti na unakuta moja ilikuwa ya kuponya. Ilikuwa na wewe muda wote. Inauma kuliko kifo chenyewe, na inauma kwa sababu haikuwa bahati. Wakati mwingine hata mifupa yako inabaki kule chini, na ukirudi na shujaa mwingine unaikuta, na kuna kitu chako cha zamani pale. Kuna watu hupita hiyo mifupa bila hata kukumbuka walikufa wakifanya nini.

Wanaoiba kifo nao nawajua. Nyinyi mnaonakili faili ya gemu kabla ya kuonja chupa, mkifa mnairudisha. Sitawahubiria, simu ni yako, na si kama kuna zawadi unaiba. Lakini usije kwangu kuniambia gemu ni rahisi baada ya hapo. Umefanya mtihani na majibu yako kwa goti.

Sasa nyinyi wakongwe. Msifikiri nimewasahau, nawaona mnavyopiga makofi huko nyuma.

"Jifunzeni kucheza" si jibu. Mtoto wa form three amekuja amekufa mara ishirini ghorofa ya 3, ameuliza kwa heshima, na wewe unayejua hiyo ya mlango, unayejua skroli uliyookota nyingi za aina moja huwa mara nyingi ni ya kutambua vitu au ya upgrade, unayejua kwamba chupa unayoshuku ni mbaya unairusha badala ya kuinywa, wewe umemwandikia maneno mawili na emoji ya kucheka. Halafu mwezi unaofuata unalalamika grupu imekufa, hakuna watu wapya. Wataenda wapi? Wataenda mahali wanakaribishwa, na unajua ni nani huwakaribisha na bonasi ya kujisajili.

Ukitaka kujiona mkubwa, kuna zile changamoto tisa. Ziwashe. Kumcheka mtu aliyeuawa na panya hakuongezi chochote kwa rekodi yako.

Na ile kelele yenu ya kila sasisho, "jamaa ameharibu gemu," kila mara Evan akipunguza makali ya kitu mnachokipenda. Jamaa anaandika posti ndefu anaeleza kwa nini amebadilisha. Mnaruka posti, mnasoma namba moja imeshuka, mnawaka. Hapo ni nyinyi ndio hamsomi. Mimi pia kuna mabadiliko sikuyapenda, na nikayasema nikiwa nimesoma sababu yake kwanza. Gemu ya bure, inayosasishwa miaka yote hiyo bila kukuuzia sarafu za almasi, inastahili angalau hiyo.

Picha, dakika moja tu. Kila mraba wa sakafu kwenye hii gemu umechorwa kwa pikseli 16 kwa 16. Kwa nafasi ndogo hivyo hakuna urembo wa kukuficha kitu. Nyasi ndefu unaziona ni nyasi ndefu, zinaziba macho yako na ya adui pia. Maji ni maji. Mlango ni mlango. Nionyeshe gemu ya gigabaiti tatu ambayo kwa simu ya mkopo, kioo kimepasuka kona, umekaa kwa mathree ya Thika Road jua linapiga dirisha, bado unaona kila adui yuko wapi. Hii inafanya hivyo, haichemshi simu, na stima ikipotea na bando ikaisha bado inacheza. Wewe endelea na ile ya almasi. Ikimaliza kupakua utuambie.

Malalamiko moja nakubaliana nayo, na niliyaona kwa komenti ya dem mmoja kutoka Nakuru ambaye aliandika vizuri kuliko nyinyi wote. Alisema gemu inamtaka mtu asome, lakini maelezo yote ni Kingereza kirefu, na mdogo wake wa darasa la sita anayapenda mapambano lakini anachoka na aya. Hapo hakuna bahati wala uvivu. Hiyo ni haki. Mtu akikwambia "soma" na maandishi hayakukusudiwa wewe, hajakusaidia. Nilimjibu kwamba aanze kumsomea, wacheze simu moja wawili, huyu anasoma na yule anapiga. Aliniandikia baadaye kwamba walifika kwa Tengu. Tengu akawamaliza, anaruka huku na kule kama kuku wa Krismasi, lakini walifika. Mtoto wa darasa la sita. Nyinyi wenye vyeti mmekwama kwa kaa.

Tena hapo kuna kazi inangoja mtu. Kodi iko wazi, leseni yake ni GPLv3, maana yake unaweza kuichukua, kuibadilisha na kuisambaza, mradi nawe uache yako wazi. Kuna matoleo mengi yameshazaliwa hivyo. Shattered yenyewe ilizaliwa hivyo. Kama kuna wasee watatu hapa wanajua kuandika kodi hata kidogo, na wawili wanajua Kiswahili cha kueleweka, hakuna anayewazuia kujaribu toleo ambalo panya anaitwa panya na chupa inajieleza kwa lugha ya nyumbani. Mimi sikumaliza chuo, na hata kama ningemaliza si kozi ya kompyuta, kwa hivyo hiyo ya kodi msiniangalie. Ya maneno nitafanya. Inboksi iko wazi, na sitaki kuambiwa "tutaona."

Ijumaa saa mbili usiku nitakuwa laivu. Leteni vifo. Piga picha ya skrini ukishakufa, begi likiwa wazi, chupa zote zikionekana majina, na uandike ulikuwa ghorofa ya ngapi, umevaa nini, na ulikuwa umesimama wapi. Tutavisoma kimoja kimoja. Wakongwe mnaruhusiwa kuja, ila kila komenti yenu iwe na kitu cha kufanya ndani yake. Na chali wa ploti yetu nimemwambia pia. Amesema atakuja kama kindege hakitakuwa kinapaa vizuri usiku huo, kwa hivyo sijui. Nimemwekea nafasi ya kwanza, na mbegu ni ile ile ya wale jamaa watatu. Vazi liko ghorofa ya pili, chumba cha kaskazini. Usilivae bado.